Aliyelala usimwamshe? Miezi miwili na adapta ya kebo inayoiamsha laptopu yangu

Waliosema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, hawakuwa na laptopu iliyobaki rafuni na kazi yao yote ndani yake. Mimi ninayo. Nahariri sauti: mahojiano, masimulizi, vitabu vya kusikiliza. Rekodi ghafi zote zinakaa kwenye laptopu moja yenye diski kubwa, nami mara nyingi niko mbali nayo na kompyuta ndogo ya mkobani. Kwa zaidi ya mwaka mzima njia yangu ya kuiamsha ilikuwa mdogo wangu. Nampigia simu: "Hebu nigusie kibodi ya ile laptopu." Kimya. Nasikia ndala zikiburuzwa, mlango, halafu: "Dada, nimegusa. Inanguruma." Hapo ndipo naingia kazini. Akiwa hayupo, au ameamua tu kutoiona simu yangu, kazi nayo inalala.

Ndiyo sababu nikanunua adapta, ya kuiamsha laptopu kwa ujumbe unaopita kwenye kebo ya mtandao, utaratibu unaoitwa Wake-on-LAN. Ni kidude cha urefu wa kidole, ganda la alumini la kijivu, upande mmoja waya mfupi wenye kichwa cha USB-C, upande wa pili tundu la kebo ya mtandao. Laptopu yangu ni ya zile nyembamba ambazo waliozitengeneza waliona tundu la kebo ni kitu cha kizamani. Sitaji chapa, na si kwa kuogopa: ganda hilohilo utalikuta limeandikwa majina kumi tofauti. Kinachokupa jibu ni chipu iliyomo. Ya kwangu ina RTL8153 ya Realtek, na ukiichomeka kwenye Linux na kuandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, itajitambulisha kwa namba 0bda:8153. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta, si picha iliyo juu ya boksi.

Najua utaniuliza kwa nini nisiiache laptopu wazi siku nzima. Niliiacha. Feni ikawa haipumziki, na mwishowe betri ikavimba hadi kipadi cha kugusia kikainuka kama mkate. Na Wi-Fi je? Wi-Fi nayo ina njia yake ya kuamshia, ila inataka kadi, draiva (programu inayoiendesha kadi) na rauta vyote viwe na nia moja, na kwangu havikuwahi kuwa na nia moja hata siku moja. Laptopu ikishalala dakika chache, rauta inaihesabu kuwa imeondoka.

Hii ni adapta yangu ya pili. Ya kwanza niliirudisha. Boksi lake lilikuwa na orodha ndefu ya mambo inayoweza, na kuamsha kompyuta kulikuwa katikati ya orodha, kwa herufi zilezile kama mengine. Kompyuta ikiwa macho, ilikwenda vizuri tu. Nikailaza laptopu, nikainama kutazama tundu la kebo: taa ya kijani ikapepesa mara mbili, ikazimika. Giza. Basi. Taa ikizimika, chipu imelala pamoja na mwenye nyumba, na hapo hata upige kelele namna gani hakuna wa kusikia.

Nimeona watu wakihangaika siku tatu na mipangilio kabla ya kufanya jaribio hilo la sekunde kumi. Chomeka adapta, chomeka kebo, ilaze kompyuta, kisha tazama taa. Ikiendelea kuwaka, kuna tumaini. Ikifa, ama tundu la USB halipewi umeme wakati wa usingizi, ama adapta yenyewe haijui kukesha, na mengine yote unayosoma kuhusu draiva na programu hayatakusaidia mpaka hilo liishe.

Hii ya pili taa yake ilibaki. Kitu kimoja kilinishtua: kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, taa ya mlango wa kebo hiyo ilibadilika rangi kila laptopu ilipolala. Nilidhani kebo imelegea. Kumbe chipu nyingi za namna hii zikiingia usingizini hushusha kasi ya kebo kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 10 ili zile umeme kidogo. Kwa kusubiri ujumbe mmoja mfupi, kasi hiyo inatosha na kubaki. Angalia tu kama una swichi mpya ya kasi kubwa: baadhi yake hazikubali kushuka hadi megabiti 10, na hapo kebo inakatika kimyakimya mara tu kompyuta inapofumba macho.

Ujumbe wenyewe, yaani pakiti ya kuamshia, ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ni baiti 102. Baiti 6 za mwanzo zote ni FF, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kusema, kisha inafuata anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa cha mtandao, ya anayeamshwa, inayorudiwa mara 16. Hakuna kingine. Jina lako, jina lako, jina lako, mara 16, mpaka uamke. Utaratibu huu ulitangazwa na AMD pamoja na Hewlett-Packard mwaka 1995, na hadi leo haujaguswa sana, jambo ambalo kwa kompyuta ni la kustahiwa.

Ila hilo jina linaloitwa ni la adapta, si la laptopu. Hapa ndipo nilipopoteza jioni ya kwanza. Niliingiza kwenye programu ya simu anwani ya MAC niliyokuwa nimeiandika zamani, ambayo ilikuwa ya kadi ya Wi-Fi. Nikabonyeza. Kimya. Nikagundua kosa, nikanakili anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya adapta, maandishi madogo kama chungu, nikabonyeza tena. Kimya. Nikaenda kuchukua miwani. Niliyoisoma 8 ilikuwa B. Nikarekebisha, nikabonyeza. Kimya! Wakati huo mdogo wangu amesimama mlangoni, mikono kifuani, ananitazama kama mtu anayemwona mzazi wake akigombana na redio. "Si uiguse tu?" akasema.

Sikuigusa. Niliiwasha, nikafungua Wireshark, programu ya kutazama yanayopita kwenye mtandao, nikaandika wol (kifupi cha Wake-on-LAN) kwenye sehemu ya kuchujia, na nikatuma pakiti kutoka kwenye simu nikiangalia kama inafika laptopu ikiwa macho. Haikufika. Simu yangu ilikuwa kwenye mtandao wa wageni wa rauta, ambao kazi yake ni kuwatenga wageni na vyombo vya ndani. Nikaihamisha simu, nikatuma tena, ule mstari ukatokea. Kuanzia siku hiyo ushauri wangu ni mmoja: jaribu pakiti kompyuta ikiwa macho kwanza. Usimlaumu aliyelala kwa salamu ambayo haikufika mlangoni.

Sasa pakiti inafika, taa inawaka, na bado laptopu imelala. Iliyobaki ilikuwa ruhusa, na ruhusa zinaombwa ofisi tatu tofauti, kila ofisi ikidhani nyingine ndiyo yenye muhuri. Kwenye Windows, ndani ya orodha ya vifaa, adapta ina ukurasa wake wa umeme wenye kisanduku cha kuiruhusu kuiamsha kompyuta. Kwangu kilikuwa kitupu. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ndani zaidi kuna mstari wa kuamshwa na pakiti hiyo maalumu. Draiva iliyokuja na Windows ilinionyesha mistari michache, ile ya mtengenezaji wa chipu ikaniletea yote. Kisha kuna BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta iliyo chini ya Windows. Nilibonyeza kitufe wakati wa kuwaka, nikapekua kurasa za bluu mpaka nikakuta kipengele cha kuruhusu USB kuamsha kompyuta, kimezimwa tangu kiwandani. Nikakiwasha. Karibu yake kulikuwa na kipengele cha usingizi wa kubana umeme, kile kinachokata umeme wa matundu kabisa, hicho nikakizima.

Kabla ya kulaza tena niliandika amri moja, powercfg /devicequery wake_armed, nayo ikataja vyombo vyenye ruhusa ya kuamsha: kibodi, kipanya, na safari hii adapta. Kama jina la adapta yako halimo kwenye orodha hiyo, usipoteze pumzi yako kutuma pakiti.

Nikailaza. Nikasubiri feni inyamaze. Taa ya kijani ikabadilika, ikatulia. Nikabonyeza kwenye simu. Sekunde moja, labda mbili, halafu ule mlio mdogo wa diski kuanza kuzunguka, feni ikavuta pumzi, kioo kikapata rangi. Mdogo wangu akasema "Ah!" akaondoka zake. Nilirudia mara sita, si kwa kupima, kwa raha tu.

Wale wa Linux, njia yenu ni fupi zaidi lakini ina mtego. Amri ya ethtool inakuonyesha herufi za njia za kuamshia zinazokubaliwa. Herufi g ndiyo unayoitaka, d maana yake imezimwa. Ukiweka g itafanya kazi mpaka uwashe upya au uchomoe adapta, kisha inasahau, kwa hiyo lazima uifungie kwenye mipangilio ya kudumu. Na hata g ikiwapo, tazama faili la power/wakeup la kifaa hicho ndani ya /sys kama limeandikwa enabled, la sivyo adapta itasikia wito na haitakuwa na ruhusa ya kumwambia mtu.

Baada ya furaha ikaja wiki ya majini. Laptopu ilianza kuamka yenyewe. Usiku wa manane naingia sebuleni kunywa maji, naikuta inang'aa peke yake. Mdogo wangu akapendekeza tuihamishe chumba. Nikauliza kwa powercfg /lastwake, ikanijibu bila haya: adapta. Kumbe niliacha wazi mlango wa pili. Mbali na ile pakiti maalumu, adapta ilikuwa na ruhusa ya kuamsha kwa ruwaza nyingine za mtandao, na mtandao wa nyumbani haunyamazi: printa inauliza, televisheni inauliza, simu zinauliza. Kuna kisanduku cha kuamuru kwamba ni pakiti ile tu inayoruhusiwa. Nilikitia alama, nikazima na kuamshwa kwa ruwaza, majini yakahama. Mtengenezaji angeweza kabisa kuiuza ikiwa hivyo tangu mwanzo, na hapa namkata alama.

Jambo ambalo boksi lilinyamazia kabisa ni aina za usingizi. Kompyuta hazilali namna moja. Kuna usingizi wa mang'amung'amu, ule wa laptopu nyingi mpya ambao kitaalamu ni tawi la S0: kioo kimezimwa lakini mashine inasinzia jicho moja wazi. Kuna usingizi wa kawaida, S3, ambapo kumbukumbu tu ndiyo inayopewa umeme na kila kingine kimepumzika. Kuna usingizi wa pono, S4, ambapo yaliyomo kwenye kumbukumbu yameandikwa diskini na umeme umekatwa. Na kuna kuzimwa kabisa, S5. Andika powercfg /a na Windows itakuambia laptopu yako inajua kulala vipi. Ya kwangu inajua S3, na hapo ndipo adapta hii inapong'ara. Kutoka S4 haijawahi kuniamshia hata mara moja. Kutoka S5, sahau.

Si kosa la chipu. Adapta ya USB inaishi kwa umeme wa tundu. Kompyuta ikizimwa, tundu likakauka, masikio nayo yamekauka. Kadi ya mtandao iliyopachikwa kwenye ubao mama ina mstari wake wa umeme wa akiba, ndiyo maana kompyuta za mezani zinaamka hata zikiwa zimezimwa. Kuna gati za kuegeshea laptopu, zile za mtengenezaji mmoja na laptopu yenyewe, zinazoweza kuamsha hata iliyozimwa kwa sababu BIOS inazijua. Lakini adapta ya kidole, hapana. Tena Windows tangu toleo la 8 ina kuzima kwa haraka, ambako si kuzima kamili wala si kulala. Ukibonyeza kuzima ukidhani umelaza, utabaki unabisha nje. Mimi nilikiondoa kitufe cha kuzima kwenye menyu, nikaacha cha kulaza peke yake.

Nikaweka pia mpaka mwingine: Windows ilikuwa na mazoea ya kulala S3 kwa saa kadhaa, kisha kuteremka yenyewe hadi S4. Hilo lilinipa kitendawili cha siku nne. Asubuhi inaamka, jioni haiamki, na sikuwa nimegusa kitu. Ukiona ugonjwa unaofuata saa, tafuta muda wa kuteremka huko na uufute.

Kuhusu kuamsha kutoka mbali, yaani nje ya nyumba, adapta haina mkono ndani yake, lakini naeleza kwa sababu ndiko nilikokuwa nakwenda. Pakiti hii inatangazwa kwa wote waliomo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Lazima itangazwe, kwa sababu aliyelala hajibu anapoulizwa yuko wapi, na rauta ikishasahau anwani yake ya IP iko kwa nani, barua iliyoandikwa jina lake peke yake haina wa kuipokea. Na matangazo hayavuki rauta. Yale ya kulenga mtandao mzima kutoka nje, tangu waraka wa RFC 2644 wa mwaka 1999, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, rauta zinatakiwa ziyakatae bila kuambiwa, kwa sababu waovu walikuwa wakiyatumia kuwazamisha watu kwa mafuriko ya majibu. Suluhisho langu ni Raspberry Pi moja, kikompyuta kidogo, iliyo macho muda wote nyuma ya rauta. Naingia kwake kwa VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje, namwambia aite, anaita. Usithubutu kufungua mlango wa rauta kwa dunia nzima ili upitishe pakiti hii. Haina ufunguo. Kuna namna yenye nywila ya baiti 6, lakini nywila yenyewe inasafiri uchi, kila aliye njiani anaisoma.

Kasoro nyingine ndogondogo. Joto: ukihamisha faili kubwa kwa nusu saa, ganda linakuwa la moto kiasi cha kukufanya uvute kidole, ingawa halijawahi kukata. Waya: mfupi mno, adapta inaning'inia ukingoni mwa rafu na uzito wa kebo unaivuta, nimeifunga kwa utepe. Kupitia habu haikubali: nilipoweka habu ya USB (kile kisanduku cha kuongeza matundu) katikati, laptopu ililala na habu ikalala nayo, taa giza. Na tundu la kushoto la laptopu linaamsha, la kulia haliamshi, pamoja na kwamba kwa macho ni mapacha. Nilijua kwa kujaribu, nawe jaribu yote kabla ya kukasirika. Bila chaja pia haiamki. Laptopu yangu ikiwa kwenye betri inakata umeme wa tundu ili ijihifadhi, na siwezi kuilaumu.

Kwa haya yote naipa nyota nne. Kama laptopu yako inalala S3 na inakaa mahali pamoja ikiwa na chaja, inunue, hakikisha ni RTL8153, na tenga jioni moja ya ruhusa. Kama laptopu yako ni ya mang'amung'amu, nunua kwa sharti la kurudisha, kwa sababu hapo kila mtengenezaji ana tabia yake. Kama unataka kuamsha iliyozimwa, usinunue.

Wiki iliyopita niliiamsha kutoka mbali usiku, nikachukua rekodi mbili, kabla sijailaza tena simu ikaita. Mdogo wangu. "Dada, laptopu yako imewaka yenyewe tena. Usijali, nimekuzimia kabisa, nimeshikilia kitufe mpaka ikanyamaza. Isije ikaungua." Nikamshukuru. Asubuhi yake nilimpigia mara tatu kabla hajapokea, kisha nikasikia ndala.